Je, Mtoto Aweza Kuikata Kesi Yake Mwenyewe?

Wasomaji wetu wanaujua mpira wa miguu, na kila aliyesimama kando ya kiwanja siku ya mashindano ya shule ameyasikia makelele anayopigiwa refa. Akipiga filimbi, nusu ya watu humsifu na nusu humlaumu. Asipopiga, huwa vivyo hivyo, ila nusu hizo zimebadilishana. Hata hivyo hatujapata kumsikia mtu akisema, "Na aondoke refa, watoto waamuane wenyewe." Neno hilo lingekuwa kama kuwapa mbuzi kazi ya kulinda shamba la mihogo.

Basi uko mchezo mmoja uliolifanya neno hilo hilo, tena kwa makusudi, nao hufundishwa vijana katika nchi nyingi, hata huku kwetu katika miji kama Nairobi na Kampala. Twapenda kuueleza kidogo, kisha tulitazame swali lililomo ndani yake. Swali hilo ni la kila mzazi na kila mwalimu, hata yule ambaye hatauona mchezo wenyewe maisha yake yote.

Mchezo huo ni altimeti. Wengi huuita Frisbee, ingawa hilo kwa haki ni jina la biashara la kampuni moja ya Marekani. Huchezwa kwa kisahani cha plastiki chenye uzito wa gramu 175, kirushwacho kwa mkono kikaenda kikizunguka hewani kama pia. Timu ni mbili, kila moja watu 7. Kiwanja kina urefu wa mita 100 na upana wa mita 37, na katika kila mwisho wake limetengwa eneo la mita 18. Mtu akikidaka kisahani katika eneo analolishambulia, timu yake imepata bao. Aliyekishika haruhusiwi kukimbia nacho. Husimama, mguu mmoja ukiwa umekazwa chini, akamtafuta mwenziwe wa kumrushia, na mpinzani aliye mbele yake humhesabia kwa sauti, sekunde moja moja. Hesabu ikifika kumi naye bado amekishika, kisahani ni cha wengine. Kikianguka chini, vilevile. Kushikana na kusukumana ni mwiko.

Ulianza mwaka wa 1968 katika shule ya Columbia High School, mjini Maplewood, jimbo la New Jersey. Kijana Joel Silver aliuleta kwa wenziwe, na pamoja na Buzzy Hellring na Jonny Hines wakaziandika sheria zake. Walikuwa wakicheza usiku katika uwanja wa kuegeshea motokaa za shule, chini ya taa. Mwaka wa 1970 walishindana na shule jirani ya Millburn, na mwaka wa 1972 vyuo vikuu vya Rutgers na Princeton vikapambana, Rutgers ikashinda 29 kwa 27. Leo kipo chama cha dunia, kilichoundwa mwaka wa 1985, nacho kilipata kutambuliwa kikamilifu na Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa mwaka wa 2015. Twayapita haya upesi. Twayataja tu ili msomaji asidhani kwamba ni upuuzi wa watoto wa mtaa mmoja.

Jambo lililotufanya tushike kalamu ni hili, kwamba hakuna refa, hata katika mashindano ya dunia. Mchezaji akiona amegongwa alipokuwa akidaka, yeye mwenyewe husema, "Faulo," na mchezo husimama. Aliyeshtakiwa hujibu. Akikubali, aliyegongwa hupewa kisahani pale pale. Akikataa, kisahani hurudi kwa yule aliyekirusha, na mchezo huanzia hapo kana kwamba hakikurushwa. Hakuna mtu wa tatu wa kukata shauri. Kocha amesimama kando ya mstari, ameona yote, wala si kazi yake kuamua.

Mtu mwenye akili atasema mara moja kwamba jambo hili haliwezekani. Atasema kwamba mwanadamu huona vizuri mpaka jambo limhusu yeye. Nasi twamkumbuka mfalme Daudi. Nabii Nathani alipomletea habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja, mfalme alihukumu upesi, kwa haki na kwa hasira, asijue kwamba kesi ni yake. Ikiwa mfalme wa namna ile alihitaji kuambiwa habari zake kwa mfano ndipo azione, je, kijana wa miaka 13, anayetweta, ambaye timu yake imebakiza bao moja kushinda, ataweza kusema, "Ni kweli, nimemgonga"? Na mzee mwingine ataongeza neno lililo chungu zaidi: "Mkimfundisha mwanangu kusema kweli mahali ambapo mwongo hupata faida, mwamfundisha kushindwa."

Hatulipuuzi neno hili. Wako watu wanaousifu mchezo wa kisahani kwa maneno matamu, kana kwamba vijana wakipewa kisahani hugeuka malaika. Hao hawamsaidii mtu. Sisi waalimu twakaa na watoto kutwa, twawajua.

Lakini na tuitazame sheria yenyewe, kwa maana ina hekima kuliko hao waisifuo. Sheria hii haikudhani kwamba watu wote ni wakweli. Tazama faida aipatayo mwongo. Aliyegonga akikana kosa lake, hapewi kisahani. Kinarudi tu kwa mrushaji. Aliyekiangusha kisahani mwenyewe, kisha akasingizia faulo, akikataliwa hapewi alichotaka. Hupata kurushiwa tena, basi. Uwongo hulipwa mshahara, hatukatai, lakini ni mshahara mdogo. Na kweli nayo, ikikutana na uwongo, haipotezi yote. Tena sheria inakubali jambo ambalo sisi watu wazima hulisahau tukiwa na hasira, kwamba watu wawili waaminifu waweza kuliona tendo moja kwa namna mbili, kwa kuwa mmoja alikuwa akitazama juu na mwingine akitazama mbele. Hapo kisahani hurudi, wala hapana aliyeitwa mwongo.

Kuna jambo jingine, nalo kwetu ndilo kubwa. Katika mpira wa miguu, mtoto aliyemkwatua mwenziwe hamtazami yule aliyemkwatua. Humtazama refa. Kwanza ataka kujua kama ameonekana. Na asipoonekana, tendo lile kwake ni kana kwamba halikutendeka, na wenziwe humsifu kwa ujanja. Refa amepewa kazi ya filimbi, na pasipo kutaka amechukua na kazi ya dhamiri. Katika mchezo wa kisahani hakuna pa kugeukia. Aliyeumia amesimama hatua mbili mbele yako, naye angojea jibu lako. Kumdanganya mwenye filimbi ni rahisi, maana yeye hakusikia maumivu. Kumdanganya uliyemgonga, ambaye ajua, na wewe wajua kwamba ajua, ni kazi ngumu zaidi. Hatusemi kwamba haiwezekani. Twasema kwamba anayeifanya huifanya macho wazi.

Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu walikuwa wakishtakiana mbele ya mahakimu wa nje, akawauliza kama hakuna hata mmoja kwao mwenye hekima ya kuamua kati ya ndugu na ndugu. Mara nyingi tumelisoma neno hilo kanisani tukidhani ni la wenye mashamba na mirathi. Lakini kusemezana na mkosaji uso kwa uso hakumjii mtu siku ya mirathi kama hakujifunza tangu utoto, katika mambo madogo. Hata katika nchi yenye damu jambo hili limejaribiwa: tangu mwaka wa 2009 shirika liitwalo Ultimate Peace limekuwa likiwakutanisha vijana wa Kiyahudi na wa Kiarabu katika mchezo huu, wakichanganywa katika timu moja, na wenye lugha mbalimbali hutumia ishara za mikono kueleza faulo na majibu yake. Kisahani hakikuleta amani katika nchi ile, na kila asikilizaye redio ajua hivyo. Lakini mtoto wa huko aliyepata kukubali kosa lake mbele ya mtoto wa upande wa pili amefanya jambo ambalo wakubwa wake wengi hawajapata kulifanya.

Sasa tuje kwa mwalimu, maana hapa ndipo pana kazi. Kufundisha kurusha si kugumu. Yako marusho mawili ya kwanza, la kupitisha mkono mbele ya kifua na la ubavuni, ambalo vidole viwili hukaa chini ya ukingo; na yote mawili hutaka kukizungusha kisahani kwa kifundo cha mkono, la sivyo huyumba na kuanguka kama jani kavu. Mtoto mwenye bidii hulipata la kwanza katika siku chache, na la pili katika majuma machache. Sheria nazo hapana budi azijue kila mmoja, si mkubwa wa timu peke yake. Mchezaji wa mpira wa miguu aweza kucheza miaka 10 asijue sheria ya kuotea, kwa kuwa refa aijua kwa niaba yake. Lakini hapa kila mtoto ni hakimu, na hakimu asiyejua sheria ni hatari kwa mji.

Kugumu ni kunyamaza. Watoto wakibishana katika mazoezi, jua ni kali, muda ni mfupi, na mwalimu ameona wazi ilivyokuwa. Ulimi wake wamwasha. Neno moja tu, "Ilikuwa faulo, endeleeni," na mchezo utakwenda. Lakini kwa neno hilo moja amekwisha kuwa refa asiye na filimbi, na siku nyingine watoto hawatasemezana, watamgeukia yeye. Makocha wenye busara huwafundisha watoto namna ya kubishana kama vile wanavyowafundisha kurusha. Sema uliloliona, si unaloliwaza juu ya moyo wa mwenzio. Msikilize naye aseme aliloliona. Kama yuko aliyesimama mahali pazuri zaidi, mwulizeni. Msipopatana, rudisheni kisahani, mcheze. Yote haya hayahitaji hata dakika moja kwa waliozoea. Kwa wasiozoea huchukua dakika tano na machozi kidogo, na mwalimu lazima azivumilie dakika hizo tano. Sheria imeweka hata njia ya kuusimamisha mchezo wote pale roho zinapochafuka, watu wa timu mbili wakasimama duara moja wakasemezana kabla ya kuendelea.

Wazazi wengine watauliza kama huku si kuwafundisha watoto utovu wa adabu. Mtoto wa miaka 12 atamwambiaje kijana wa miaka 17, "Umenishika mkono"? Sisi tumelelewa kuwanyamazia wakubwa, na ni malezi mema. Lakini tumeona pia mahali malezi hayo yanapopotoka, ambapo mkubwa hujitwalia na mdogo hunyamaza, na watu husema, "Ana adabu huyu," kumbe ana hofu. Katika viwanja vya kisahani kosa la wanyonge ni hilo: hugongwa wakanyamaza. Hasa wasichana, maana mara nyingi wavulana na wasichana huchanganywa katika timu moja. Kocha akimwona mtoto wa namna hiyo, asimsifu kwa upole wake. Amfundishe kuinua sauti, aseme neno moja, na kulisema bila matusi. Kweli ina pande mbili, kukubali uliyoyatenda na kuyasema uliyotendewa, na yule wa pili mara nyingi ndiye anayetetemeka zaidi.

Je, watu wazima wa mchezo huu wenyewe wanaiamini njia yao? Si wote. Huko Marekani, katika mashindano makubwa, huwekwa waangalizi wa kukata neno pale wachezaji wanaposhindwa kupatana. Na ligi ya kulipwa iliyoanza huko mwaka wa 2012 ina marefa kamili. Fedha zilipoingia, filimbi ikaingia nyuma yake. Hatushangai. Lakini hata ligi hiyo iliacha mlango mmoja wazi: mchezaji ambaye refa amempendelea kwa makosa aweza kuikataa hukumu hiyo na kuwapa wapinzani haki yao. Kwa hiyo wale waliomleta refa hawakuthubutu kuizima kabisa sauti ya mchezaji.

Jambo moja katika mchezo huu hatulipendi sana, nalo ni kuupima uungwana kwa alama. Mechi ikiisha, kila timu huwapa wenzao alama katika mambo matano: kuzijua sheria na kuzitumia, kuepuka faulo na kugongana, kuwa na nia ya haki, moyo mwema na kujitawala, na namna ya kusemezana. Kila jambo lina alama 0 hadi 4, na 2 ndiyo ya kawaida. Yako hata mashindano yenye tuzo kwa timu iliyozidi. Twaelewa kwa nini imefanywa, maana jambo lisilohesabiwa watu husahau. Lakini mtoto akijua kwamba upole wake utaandikwa kwenye karatasi, twachelea atakuwa mpole kwa ajili ya karatasi. Refa ametolewa mlangoni, naye anachungulia dirishani. Ubora wa desturi hiyo, kama upo, umo katika yale mazungumzo ya timu zote mbili katika duara baada ya mchezo, ambapo mtu husema wazi, "Pale mlitutendea vema, na pale hatukupendezwa." Hayo yangetosha.

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe. Tuseme mabao ni 14 kwa 14, na wa 15 ndiye mshindi. Kijana wako, ambaye umemfundisha mwaka mzima, yuko katika eneo la bao. Kisahani kinamjia, anakigusa, kinamponyoka, kinaanguka. Wala mpinzani hakumgusa hata unyoya. Naye anainua mkono na kusema, "Faulo." Mpinzani anakataa. Kisahani kinarudi kwa mrushaji, kinarushwa tena, safari hii kinadakwa, na wenzako wote wanaruka kwa furaha. Wewe umeona. Utafanyaje?

Wako wasemao, na anyamaze, maana kocha si hakimu; tumekwisha kusema hivyo sisi wenyewe. Lakini kutokuwa hakimu si kuwa kipofu. Na hapa sheria za mchezo zina neno la kutusaidia. Zinataja, miongoni mwa mifano ya uungwana, kumwambia mchezaji mwenzako wa timu yako kwamba ametoa madai yasiyo ya kweli au yasiyo ya lazima. Si mpinzani, mwenzako. Na mtu aliyedai faulo aruhusiwa kuyaondoa madai yake. Basi neno la kwanza si la kocha wala la wapinzani, ni la yule mtoto mwingine wa timu ile ile aliyekuwa karibu akaona. Kwake ndipo lilipo jaribu lote, maana kumshuhudia wa kwenu kwamba amekosa, mbele ya wageni, saa ya ushindi, ni jambo ambalo ukoo wetu, kabila letu na hata usharika wetu wakati mwingine hutufundisha kulikimbia. Twamwita mtu huyo msaliti. Bwana wetu alifundisha kwamba ndugu akikosa umwendee kwanza wewe na yeye peke yenu, hakufundisha umfiche.

Kwa maoni yetu, kazi ya kocha ilikuwa kabla ya siku ile, kumwandaa yule wa pili. Kama hakumwandaa, bao la kumi na tano si saa ya kuanza. Na kama bao limekwisha kuhesabiwa, watu wameshapeana mikono, na kijana ameleta uso wake kwa mwalimu wake kutafuta sifa, hapo mwalimu asimpe sifa hiyo, wala asimwaibishe mbele ya watu. Amwite kando. Amwulize, "Uliona nini?" Asimwambie alichokiona yeye. Akae kimya, angoje, hata kimya kiwe kirefu. Akijibu uwongo, amjue kwamba bado ni mwongo, na kazi haijaisha. Akijibu kweli, basi amwulize ni nani anayestahili kuisikia kweli hiyo, na amwache aende mwenyewe mpaka upande wa pili wa kiwanja, ambapo wale wengine wanafunga viatu vyao. Hawatabadilisha matokeo, mchezo umekwisha. Njia ile ya mita 37 ni ndefu sana kwa mtoto, nasi twaona mwalimu asimsindikize.

Baki ya kazi iko nyumbani, na hapo waalimu hatufiki. Jioni mtoto anarudi, miguu ina vumbi, na kabla hajaweka mfuko wake chini, baba amekwisha kumwuliza, "Mmeshinda?" Mama naye, kutoka jikoni, auliza hilo hilo. Mtoto aliyeyaondoa madai yake uwanjani na kushindwa kwa sababu hiyo hana jibu la haraka kwa swali hilo, na ataanza kulieleza kwa kigugumizi. Na twajua nyumba ambazo baba hungoja mpaka mwisho wa maelezo, na nyumba ambazo hangoji.